Daftari la Tajiri: Historia ya Kubishia Deni la Zamani Katika Pwani ya Afrika Mashariki

Katikati ya mwaka 1934 serikali ya Himaya ya Unguja ilitoa mfululizo wa amri ambazo wenye mashamba ya mikarafuu walizipokea kwa nafuu kubwa na wakopeshaji wakazipokea kwa hasira. Ukusanyaji wa madeni yaliyowekewa mashamba ya Waarabu na Waafrika ulisimamishwa kwa muda, na ardhi yao ikazuiwa kuhamia mikononi mwa watu wa jamii nyingine bila idhini ya serikali. Kwa kawaida historia ya amri hizo husimuliwa kama ugomvi wa jamii mbili, mkulima Mwarabu au Mwafrika upande mmoja na tajiri Mhindi upande wa pili, huku Mwingereza akisimama kati kama msuluhishi. Masimulizi hayo yamekosa kiini. Ukifuatilia madeni ya pwani hii tangu enzi ya misafara ya bara hadi mikopo ya simu ya leo, unaona kwamba swali lililoamua nani ashinde halikuwa kama deni lilikopwa kweli. Mara nyingi lilikopwa. Swali lilikuwa ni nani mwenye daftari, daftari hilo limeandikwa kwa lugha gani, na je, mahakama ina ruhusa ya kulifungua ukurasa wa kwanza? Mdaiwa aliyepewa haki ya kudai hesabu ifunguliwe tangu mwanzo alikuwa na kitu cha kusimamia. Aliyepewa huruma tu, au muda tu, alirudi palepale mwaka uliofuata.

Uchumi wa Unguja wa karne ya 19 ulisimama juu ya mkopo kuanzia juu hadi chini. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na kuhimiza upandaji wa mikarafuu, fedha za kununulia mashamba, watumwa na vyombo zilitoka kwa kiasi kikubwa katika nyumba za biashara za Wahindi, ambazo zenyewe zilikuwa na mizizi Kachchh na Bombay. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbanyani wa Kachchh, ilikodi forodha za Sultani kwa miongo kadhaa. Mkodi wa forodha hakuwa mkusanya ushuru tu. Alikuwa benki ya ufalme, na Sultani mwenyewe alikuwa mdaiwa wake. Mizigo ya misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilitolewa kwa mali kauli: tajiri alitoa nguo, shanga na bunduki, na msafiri akaahidi kurudisha pembe za ndovu baada ya mwaka, miaka miwili, pengine zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliyeacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa mfanyabiashara wa aina hiyo. Nyuma ya misafara yake ilisimama fedha ya Taria Topan, Khoja aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji. Mkopo wa namna hii ulihitaji uaminifu mkubwa, na uaminifu ulikuwepo. Lakini ulihitaji pia kumbukumbu, na kumbukumbu ilikaa upande mmoja. Msafiri alikuwa njiani na daftari lilibaki mjini.

Hata wafalme hawakuepuka tatizo hilo. Barghash alipotawazwa mwaka 1870 alikuta nyumba ya Jairam ikidai deni kubwa lililoachwa na ndugu yake Majid. Barghash alibisha. Hoja yake haikuwa dhaifu: je, deni la mfalme aliyekufa ni deni la mtu au ni deni la nchi, na hesabu inayotolewa na mkodi wa forodha, ambaye ndiye pia mwenye kuhesabu mapato ya forodha, itaaminiwa vipi? Swali hilo la pili ndilo zito. Mtu mmoja alikuwa mdai, mtunza hazina na mwandishi wa hesabu kwa wakati uleule. Sultani alikuwa na nguvu za kutosha kulazimisha mazungumzo. Mwenye shamba la mikarafuu mia mbili kule Pemba hakuwa nazo.

Sheria ya wenyeji haikuwa imelinyamazia jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu uandishi wa madeni. Inataka deni la muda liandikwe, dogo au kubwa, mbele ya mashahidi. Kwa hoja yangu, sharti lake lenye uzito zaidi ni la nani aseme kinachoandikwa: anayeamuru maneno ya hati ni yule mwenye kudaiwa, na kama hana uwezo, basi msimamizi wake kwa uadilifu. Mdai hapewi kalamu. Mafakihi waliofuata waliupa ushahidi wa watu uzito kuliko karatasi. Hati bila mashahidi ilikuwa ukumbusho tu. Kadhi wa Mombasa, Lamu au Unguja aliyeletewa shauri la deni aliwaita walioshuhudia, na kama hawakupatikana, alimtaka mdaiwa ale yamini. Sidai kwamba mfumo huo ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Mtumwa na mjakazi hawakuwa na sauti sawa na mwungwana, na shahidi huweza kununuliwa. Lakini ulikuwa na fadhila moja: mdaiwa asiyejua kusoma hakupoteza shauri kwa sababu tu ya kutojua kusoma.

Mfumo huo ulikuwa na ufa, na ufa wenyewe ulitokana na katazo la riba. Kwa kuwa riba haikuruhusiwa, mkopo ulivaa vazi la mauzo. Hiyo ndiyo bei khiyari: mwenye shamba humwuzia tajiri shamba lake kwa kiasi cha mkopo, akabaki na khiyari ya kulinunua tena kwa bei ileile kabla ya muda fulani, na wakati huo akalikodi shamba lake mwenyewe. Kodi ilikuwa ndiyo faida ya tajiri. Muda ukipita bila malipo, hati iliyosema "nimeuza" ilisomwa kama ilivyo. Watu wote kijijini walijua kwamba hakuna aliyekusudia kuuza, na mashahidi wa kadhi walijua vilevile. Mradi shauri lilisikilizwa na watu waliojua desturi, neno "nimeuza" lilieleweka kwa maana yake ya kweli. Hatari ilikuja hati hizo zilipofika mbele ya hakimu asiyejua desturi, au aliyekatazwa na sheria yake kuisikiliza.

Na huko ndiko zilikofika. Wahindi wengi wa Unguja walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na kwa amri ya mwaka 1866 balozi wa Kiingereza alipewa mamlaka rasmi ya kusikiliza mashauri yao, rufaa zikipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Himaya ilipotangazwa mwaka 1890 mamlaka hayo yakapanuka mwaka hadi mwaka. Pamoja na mahakama zikaja sheria za India, ikiwemo Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872 iliyotumika katika mahakama za Kiingereza za Afrika Mashariki. Kanuni yake kuhusu hati ni rahisi kuieleza: makubaliano yakishaandikwa, isipokuwa kwa sababu chache, maneno ya mdomo hayaruhusiwi kuyapinga yaliyoandikwa. Mpangilio wa zamani ukageuzwa kichwa chini. Shahidi aliyekuwa msingi akawa mgeni mahakamani, na karatasi iliyokuwa ukumbusho ikawa yenyewe ndiyo deni. Vitabu vya hesabu vya maduka viliandikwa Kigujarati, kwa mwandiko ambao hata Mwarabu msomi wa Kiarabu hakuweza kuusoma. Mwenye shamba alitia dole au saini kwenye karatasi asiyoielewa, iliyonukuu daftari asilolisoma, na baada ya miaka mitatu au minne akaulizwa kwa nini anabisha alichokubali.

Hali hii ilikuwa imeshaleta moto India kabla ya kufika kwetu. Mwezi Mei 1875, katika wilaya za Poona na Ahmednagar za uwanda wa Deccan, wakulima walivamia nyumba za wakopeshaji. Walichokuwa wakikitafuta zaidi kilikuwa hati na madaftari, na walivyovipata walivichoma. Tume iliyoundwa kuchunguza ghasia zile iligundua kwamba sheria iliyotungwa kumlinda mdaiwa ndiyo iliyokuwa imemwumiza. Mwaka 1859 ukomo wa muda wa kudai fedha iliyokopeshwa ulipunguzwa hadi miaka mitatu. Lengo lilikuwa madeni ya zamani yasitumike kama mtego. Matokeo yakawa kwamba kila mwaka wa tatu ulipokaribia, mkopeshaji alimwita mkulima atie saini hati mpya. Katika hati hiyo riba yote iliyolimbikizwa iliingizwa ndani ya mtaji, na riba mpya ikaanza kuhesabiwa juu ya jumla hiyo. Hati ya kwanza ikachanwa. Deni la miaka tisa likaonekana kwenye karatasi kama deni la mwaka jana, na mahakama iliyosoma karatasi peke yake haikuona chochote cha kutiliwa shaka. Jibu lililotolewa na Sheria ya Kuwapa Nafuu Wakulima wa Deccan ya mwaka 1879 linastahili kukumbukwa kwa makini: mahakama iliamriwa ipite nyuma ya hati, ichunguze historia ya shughuli nzima tangu mwanzo, itenge mtaji na riba, kisha ndipo iseme kinachodaiwa. Kwa hiyo mahakama zilizokuwa zikisikiliza rufaa za Unguja zilikuwa tayari zinaijua dawa. Mkulima wa Deccan aliipata mwaka 1879. Mkulima wa Pemba alisubiri zaidi ya nusu karne.

Inafaa kuongeza hapa jambo ambalo husahauliwa na wanaopenda kuwalaumu Wahindi kama jamii. Sheria ya kale ya Kihindu yenyewe ilikuwa na kanuni ya damdupat: riba inayodaiwa kwa mara moja haiwezi kuzidi mtaji. Mahakama za Bombay ziliitambua. Mbanyani aliyekuwa akikopesha Unguja alitoka katika mila iliyojua kwamba deni lisilo na ukomo ni dhuluma. Tatizo lilikuwa katika mpangilio wa mahakama ulioacha kila ulinzi wa kimila wa pande zote mbili na kubakiza karatasi tupu.

Wakati huohuo mikarafuu ilikuwa ikizidi kuwafunga wenye mashamba. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya kisiwa cha Unguja, na kupanda upya kulihitaji mkopo, kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria. Ilikuwa haki iliyochelewa mno, na haina haja ya kutetewa. Lakini kwa hesabu ya mwenye shamba ilimaanisha kwamba palizi na uchumaji sasa vinalipiwa fedha taslimu, na fedha hiyo ilipatikana kwa tajiri kabla ya mavuno. Karafuu hazizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka mkavu, na bei huanguka wakati mzigo ni mwingi. Mwenye shamba aliuza karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei aliyopangiwa na yule anayemdai, na kile alichouza kikaandikwa kwenye daftari la huyohuyo. Deni lilipohama, nalo lilihama kwa jumla tu: mwenye duka dogo la shamba alikuwa na deni lake kwa nyumba kubwa ya mjini, na aliposhindwa, madeni ya wateja wake yalichukuliwa na mdai wake. Mkulima akajikuta anadaiwa na mtu ambaye hajawahi kukopa kwake hata kibaba cha mchele.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoangusha bei ya karafuu, serikali ilianza kuhesabu. Ripoti ya C. A. Bartlett na J. S. Last ya mwaka 1933 kuhusu madeni ya wakulima ilionyesha picha ya mashamba yaliyozama katika rehani. Ndipo amri za 1934 zilipotoka. Moja yake, iliyohusu uhamishaji wa ardhi, ilitaja katika jina lake mambo mawili, kizuizi na ushahidi. Watunga sheria walielewa kwamba kulinda ardhi bila kugusa namna deni linavyothibitishwa ni kazi nusu. Kwa bahati mbaya nusu ya kwanza ndiyo iliyopigiwa kelele. Wafanyabiashara wa Kihindi walisema, na walikuwa na haki kusema, kwamba sheria iliyogawa haki kwa jamii ya mtu ni sheria ya ubaguzi. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuchunguza mwaka huohuo, na ripoti yake ilizikosoa amri hizo. Malalamiko yalizidi kwa sababu serikali, sambamba na kuzuia madeni, ilikuwa ikikiimarisha Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927, hadi mwaka 1937 kikapewa mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa karafuu kwa ajili ya kusafirishwa nje. Wahindi wa Unguja waligoma kununua karafuu, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono kwa kuwataka watu wasizinunue. India ilikuwa mnunuzi mkubwa, kwa hiyo mgomo uliuma. Mwaka 1938 pakafikiwa maafikiano, na amri mpya ikaweka utaratibu maalumu wa kuyachunguza na kuyamaliza madeni ya mashamba.

Nikizipima amri za miaka hiyo miwili, naona ya 1938 ina thamani kuliko za 1934, ingawa za kwanza ndizo zenye umaarufu. Kusimamisha ukusanyaji kulimpa mdaiwa pumzi lakini hakukubadilisha tarakimu hata moja kwenye daftari. Riba haikulala, na wakopeshaji walioogopa waliacha kutoa fedha ya palizi. Miaka minne ilipita katika hali hiyo, na wakulima waliolindwa wasinadiwe walikosa pia fedha ya kuchumia. Utaratibu wa uchunguzi ulikuwa wa aina nyingine. Ulikubali kwamba deni lipo, ukauliza ni kiasi gani. Mwenye kuamini haki ya mdai hawezi kuukataa, maana haki yake ni kulipwa kile alichotoa pamoja na faida waliyokubaliana, na mtu mwenye hesabu safi hapotezi kitu ikifunguliwa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii lilikuwa likisemwa tangu siku zile na bado linasemwa. Wenye mashamba, wanasema, walikuwa watu wa israfu. Walikopa kwa harusi, kwa matanga, kwa nguo za sikukuu, na waliposhindwa kulipa wakajifanya wajinga wa hati. Kukopa harusi, kulipa matanga: Waswahili wenyewe ndio waliotunga maneno hayo. Sikatai kwamba wapo waliokopa kwa anasa. Lakini sababu ya kukopa haiamui kiasi kinachodaiwa. Mtu aliyekopa rupia mia mbili kwa ajili ya harusi anadaiwa rupia mia mbili na faida yake. Harusi haizigeuzi kuwa mia sita. Hoja ya israfu huingizwa katika mashauri ya madeni ili kuhamisha macho kutoka kwenye hesabu hadi kwenye tabia ya mdaiwa, na tabia hujadiliwa kwa urahisi kuliko tarakimu. Tena, sehemu kubwa ya mikopo ya mashamba ilikuwa ya palizi, ya uchumaji na ya chakula cha miezi ya kabla ya mavuno. Bila mikopo hiyo karafuu zingeozea mtini, na tajiri mwenyewe asingepata mzigo wa kuuza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mahakama ikianza kufukua kila deni la zamani, wakopeshaji watakimbia na maskini atakosa pa kukopa. Historia ya Tanganyika inatusaidia kulipima. Huko serikali ya Kiingereza ilipita njia tofauti. Sheria ya mwaka 1923, iliyokazwa mwaka 1931, ilizuia mikopo kwa wenyeji: mtu asiye mwenyeji hakuweza kumshtaki Mwafrika kwa deni ila makubaliano yawe yameandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Kenya ilikuwa na sheria ya mtindo huo tangu mwaka 1903. Kwa macho ya haraka huu ulikuwa ulinzi mkubwa kuliko wa Unguja. Kwa kweli ulimfungia Mwafrika mlango. Mfanyabiashara mdogo wa Moshi au Bukoba aliyetaka bidhaa za duka lake kwa mkopo aliambiwa kwamba saini yake haina nguvu, akabaki akinunua taslimu kwa bei ya juu huku mshindani wake akipewa miezi mitatu. Wakopeshaji walikimbia kweli. Lakini waliikimbia sheria iliyosema kwamba deni halidaiki. Sheria inayotaka deni lithibitishwe ni kitu tofauti, na kuzichanganya hizi mbili ndiko kulikowafanya watawala wa kikoloni wadhani kwamba wana chaguo mbili tu, kumwachia tajiri kila kitu au kumfanya Mwafrika mtoto wa kulelewa.

Mwaka uleule wa 1923 ulitoa somo jingine huko Dar es Salaam. Kati ya sheria mpya za leseni na kodi kulikuwa na sharti kuhusu lugha ya vitabu vya hesabu, ambalo lilikipiga Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka yao kwa wiki kadhaa nchi nzima, na serikali ikarudi nyuma. Malalamiko yao yalieleweka: mwenye duka wa Kilosa hakuwa na uwezo wa kuajiri karani wa Kiingereza. Ninachokitazama ni kwamba serikali ilitaka madaftari yasomeke pale ilipokuwa inatafuta kodi yake. Sheria ya kuzuia mikopo na sharti la lugha zilitoka mwaka mmoja, chini ya serikali moja, na hakuna aliyeziunganisha kwa kusema kwamba mteja naye apewe nakala ya hesabu yake kwa lugha anayoijua. Kiswahili kilikuwepo, kikisomwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na kingetosha.

Huko Unguja, swali la rehani za mikarafuu lilifutwa kwa njia ambayo hakuna mahakama ingeweza kuifikiria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Hati za zamani zikabaki karatasi. Kwingineko sheria za madeni ziliendelea kwa utulivu. Kenya ilitunga sheria yake ya ukomo wa madai mwaka 1968 na Tanzania mwaka 1971, na zote mbili zikaweka miaka sita kwa madai ya mikataba ya kawaida, muda uleule uliowekwa Uingereza tangu mwaka 1623. Sheria ya Tanzania inasema kwamba shauri lililofunguliwa baada ya muda kupita hutupwa hata kama mdaiwa hakutaja ukomo katika utetezi wake. Ni kifungu chenye ubinadamu, kwa kuwa mdaiwa asiye na wakili hawezi kutaja asichokijua. Lakini sheria zote mbili zina mlango uleule uliotumika Deccan: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya.

Hapo ndipo historia inapokutana na mkusanya madeni wa leo. Tangu M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, na M-Pawa Tanzania mwaka 2014, mkopo mdogo umekuwa jambo la dakika moja kwenye simu. Nyuma ya huduma za benki zikaja programu nyingi, nyingine bila leseni, zile ambazo Watanzania wanaziita mikopo kausha damu. Deni la shilingi elfu chache hukaa miaka, likaongezewa adhabu, kisha hupelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni ambayo mdaiwa hajawahi kuwa na mkataba nayo. Mpigaji simu ana jina, namba na jumla. Mara nyingi hana mkataba, hana mchanganuo wa mtaji na riba, hana hati inayoonyesha deni limehamia kwake kwa njia gani. Naye humwambia mdaiwa atume hata shilingi mia mbili tu, kuonyesha nia njema. Mkulima wa Poona aliitwa kila mwaka wa tatu kutia dole kwenye hati mpya. Shilingi mia mbili zinafanya kazi hiyohiyo, maana malipo yanayofanywa kabla ya miaka sita kuisha huirudisha saa mwanzo.

Kenya imechukua hatua. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa katika mfumo wa kuwaorodhesha wadaiwa, uitwao CRB, na ikazuia watu kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000. Kanuni za mwaka 2022 zikakataza vitisho, matusi na kuwapigia simu jamaa na marafiki waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Makatazo haya yameondoa fedheha kubwa, maana ilifika mahali mtu anapigiwa simu na shemeji yake kuulizwa kuhusu mkopo wa unga. Hata hivyo yanahusu zaidi namna ya kudai kuliko kinachodaiwa. Kifungu kinachonivutia zaidi ni cha zamani kidogo, cha 44A katika Sheria ya Benki ya Kenya, kinachotumika tangu mwaka 2007: mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi mtaji uliobaki wakati ule. Ni damdupat iliyorudi kwa jina jingine. Lakini kanuni hiyo haifanyi kazi mpaka mtu ajue mtaji wake ulikuwa kiasi gani siku alipoacha kulipa, na hilo halijulikani bila daftari kufunguliwa.

Kuna watakaosema kwamba hoja zote hizi za ukomo na uthibitisho ni hila za kisheria, na kwamba Mwislamu au mtu yeyote mwadilifu hulipa deni lake hata likiwa la miaka thelathini. Dawa ya deni ni kulipa. Nakubali, na wanavyuoni wengi wamesema kwamba kupita kwa muda hakuifuti haki mbele ya Mungu hata kama kadhi hatalisikiliza shauri. Lakini wajibu huo wa dhamiri ni kwa kiasi kilichokopwa kweli na kwa yule anayestahili kulipwa. Mtu anayetaka kutimiza wajibu wake ana haja ya hesabu kuliko hata anayetaka kuukwepa. Aya ile ya deni inamtaka huyohuyo mdaiwa aamuru maneno ya hati, na kumtaka mdai aonyeshe mkataba, mchanganuo na hati ya uhamisho ni kumrudisha mdaiwa kwenye nafasi aliyopewa humo. Wakopeshaji wa leo wanalihifadhi daftari kwenye kompyuta, kila muamala ukiwa na tarehe na dakika yake, kwa namna ambayo Jairam Shivji asingeiota. Gharama ya kumpa mdaiwa nakala kamili kwa Kiswahili haipo tena, na sheria inayomtaka mkusanya madeni aitoe nakala hiyo kabla ya kupokea hata shilingi moja ingeweza kuandikwa na mabunge ya Nairobi na Dodoma kwa kifungu kimoja kifupi.